Kansere: askari wa mwili wanaonekana kwa mikroskopi, lakini katika Kivu nani anawatafuta?

Wiki ya kwanza ya mwezi wa Oktoba 2018, jina la Bukavu lilisikika katika redio zote za dunia. Tarehe 5, munganga Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi alitangazwa mshindi wa zawadi ya Nobel ya amani, pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Habari ilimkuta katika chumba cha upasuaji. Katika Kivu yote, watu wangali wanakumbuka siku ile.

Siku nne mbele ya hapo, tarehe 1 Oktoba, kulitangazwa zawadi ingine ambayo watu wachache hapa waliisikia. Ilikuwa Nobel ya udaktari, na ilipewa James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani. Watafiti hao wawili walionyesha namna kinga ya mwili inavyofungwa mikono mbele ya kansere, na namna ya kuifungua tena. Hakuna aliyecheza barabarani kwa ajili yao. Lakini kazi yao inagusa nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Uvira, Butembo na Bunia kuliko vile wakaaji wanavyofikiri, sababu inahusu ulizo ambalo kila jamaa yenye mgonjwa wa kansere inauliza: huyu wetu atapona, ao hatapona?

Ulizo la jamaa

Kwa miaka mingi wanganga walijibu ulizo hilo kwa kuangalia vitu vitatu: ukubwa wa uvimbe, kama kansere imefika kwenye tezi za karibu, na kama imekwenda kwenye viungo vya mbali kama ini, mapafu ao mifupa. Njia hiyo ingali inatumika kila mahali na ni ya lazima. Lakini ilikuwa na shimo moja. Wagonjwa wawili wanaweza kuwa na uvimbe wa ukubwa sawasawa, kwenye kiungo kimoja, wakatibiwa namna moja. Mmoja akaishi miaka makumi mawili, mwingine akarudiwa na ugonjwa kabla ya mwaka kuisha. Jamaa zilisema ni bahati, ao ni mapenzi ya Mungu, ao ni jirani mwenye wivu. Wanganga nao hawakuwa na maelezo ya kutosha.

Mwaka wa 2006, kikundi cha watafiti wa Paris, kati yao Jérôme Galon na Franck Pagès, kilitoa jibu katika jarida la Science. Walichukua vipande vya kansere ya utumbo mkubwa vilivyokatwa wakati wa upasuaji. Hawakusimama kwenye kupima kansere yenyewe. Walihesabu askari wa mwili walioingia ndani yake. Askari hao ni limfositi, seli nyeupe za damu ambazo kazi yao ni kupiga doria mwilini na kuua kila kitu kigeni. Pale limfositi zilipokuwa nyingi, katikati ya uvimbe na kwenye ukingo wake, wagonjwa waliishi muda mrefu zaidi. Pale zilipokuwa haba, ugonjwa ulirudi, hata kwa watu ambao uvimbe wao ulionekana kuwa mdogo.

Mwaka wa 2018, watafiti wa inchi 13 walirudilia hesabu hiyo kwa wagonjwa zaidi ya 2.600 wa kansere ya utumbo mkubwa. Katika kundi la kwanza walilochunguza, miaka mitano baada ya upasuaji kansere ilikuwa imerudi kwa watu 8 juu ya 100 kati ya wale wenye askari wengi, na kwa watu 32 juu ya 100 kati ya wale wenye askari wachache. Hiyo ni tofauti ya mara nne.

Kwa kansere ya ziwa hali inafanana. Kuna aina moja ambayo haijibu dawa za homoni wala dawa zinazolenga alama ya HER2. Wanganga wanaiita hasi-tatu, na inawashika wanawake Waafrika mara nyingi zaidi kuliko wanawake wa Ulaya. Mwaka wa 2024, uchunguzi uliokusanya karibu wanawake 2.000 wenye kansere ya namna hiyo, ambao walipasuliwa bila kupewa kimioterapi, ulionyesha jambo la wazi. Kati ya wale ambao uvimbe wao ulikuwa katika hatua ya kwanza na umejaa limfositi, 94 juu ya 100 walifika miaka mitano bila kansere kuenea mbali. Kati ya wale wenye limfositi kidogo, walikuwa 78 juu ya 100.

Kwa hiyo hatma ya mgonjwa haiko katika kansere peke yake. Iko katika vita kati ya kansere na mwili, na alama za vita hiyo zinaonekana katika kipande cha nyama kwa mtu anayejua kuzisoma.

Makosa yanayomtoboa mwizi

Sababu gani askari wanaingia katika uvimbe mmoja na kubaki nje ya mwingine? Sehemu ya jibu iko katika maandishi ya seli.

Kila seli ya mwili inabeba kitabu cha maagizo, ADN. Kila mara seli inapogawanyika, kitabu hicho kinanakiliwa, na katika kunakili kunaingia makosa. Wataalamu wanaita makosa hayo mutasio. Moshi wa tumbaku unayaongeza, jua kali juu ya ngozi nyeupe linayaongeza, na miaka inavyopita yanazidi. Mengi hayana madhara. Lakini machache yanaipa seli nguvu ya kugawanyika bila kusimama, na hapo kansere inazaliwa.

Sasa linakuja jambo ambalo liliwashangaza watu wengi. Mutasio zile zile zinazoizaa kansere ndizo zinazoweza kuitoboa. Seli yenye makosa inatengeneza protini zisizo za kawaida na kuonyesha vipande vyake kwenye ngozi yake ya nje. Limfositi inapopita inaona sura ambayo haiijui. Ni kama mwizi aliyeingia katika kijiji: kila kitu alichoiba anakivaa, na kadiri anavyovaa vingi ndivyo wenyeji wanavyomtambua kwa haraka.

Mfano wa wazi zaidi ni kansere ambazo zimepoteza mafundi wa kusahihisha. Ndani ya kila seli muna protini zinazopitia ADN mpya na kurekebisha makosa ya kunakili. Ine kati yao zinajulikana sana na wanganga: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Moja ikikosekana, makosa yanarundikana. Mwaka wa 2015, watafiti wa Johns Hopkins pa Baltimore, Marekani, walihesabu kwa wastani mutasio 1.782 katika kila uvimbe wa namna hiyo, na 73 tu katika uvimbe ambao mafundi wake walikuwa wazima. Wagonjwa wote walipewa dawa moja, pembrolizumab. Kati ya wagonjwa 10 wa kansere ya utumbo waliopoteza mafundi, uvimbe ulipungua sana kwa 4. Kati ya wagonjwa 18 ambao mafundi wao walikuwa wazima, haukupungua kwa hata mmoja.

Dawa hiyo haiui kansere yenyewe. Inafanya kazi ambayo mkaaji wa Kivu anaweza kuielewa bila shida, sababu anapita kwenye barieri kila siku. Limfositi ina kitu kama barieri juu ya mwili wake, kinachoitwa PD-1, ambacho Honjo na wenzake walikitambua mwaka wa 1992. Kazi yake ni nzuri: inamzuia askari asishambulie viungo vizima vya mwili wake mwenyewe. Lakini seli nyingi za kansere zimejifunza kuonyesha karatasi ya njia kwenye barieri hiyo. Askari anaona karatasi, anashusha silaha, mwizi anapita. Pembrolizumab inaziba mahali karatasi inaposomwa. Askari hadanganyiki tena.

Mei 2017, mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu dawa hiyo kwa kila kansere iliyopoteza mafundi hao na iliyokwisha kuenea, ikiwa dawa zingine zimeshindwa, bila kujali kama ilianza katika utumbo, tumbo la uzazi ao mahali pengine. Ilikuwa mara ya kwanza inchi hiyo kuruhusu dawa ya kansere kwa kuangalia alama ya uvimbe na si kiungo ulichoanzia. Mwaka wa 2022, pa New York, wagonjwa 12 wenye kansere ya sehemu ya mwisho ya utumbo, wote wakiwa na kasoro hiyo, walipewa dawa ya ukoo mmoja, dostarlimab, kwa miezi sita. Kwa wote 12 uvimbe haukuonekana tena. Hawakupasuliwa, hawakupewa radioterapi.

Kile ambacho hesabu haisemi

Lazima kusema ukweli wote, sababu habari za namna hii zinawapa watu tumaini, na tumaini likizidi kipimo linakuwa biashara ya wadanganyifu.

Kwanza, wagonjwa wenye kasoro hiyo ni wachache. Katika kansere ya utumbo mkubwa, hesabu za Ulaya na Marekani zinaonyesha karibu 15 juu ya 100, na ni karibu 5 tu juu ya 100 kati ya wale ambao ugonjwa wao umekwisha kuenea. Pili, wingi wa mutasio si ahadi. Mwaka wa 2020 Marekani iliweka mpaka wa mutasio 10 kwa kila herufi milioni moja za ADN ili kuruhusu pembrolizumab, lakini watafiti wengi wameonyesha kwamba mpaka huo hauna maana sawa katika kila kansere. Kuna uvimbe wa ubongo wenye makosa mengi ambao haujibu dawa. Na kwa mgonjwa ambaye hatapewa dawa za namna hii, kuhesabu mutasio peke yake hakusemi kwamba ataishi zaidi. Makosa yanasaidia pale tu askari wanapoyaona na kuweza kufika.

Tatu, na hili linafaa kusemwa kwa sauti katika masoko ya Birere na Kadutu: hakuna mizizi, chai wala unga unaofungua barieri ya PD-1. Siku hizi neno "kinga" liko kwenye kila chupa. Wauzaji wanasema dawa yao "inaongeza kinga", na mama mwenye uvimbe katika ziwa anabaki nyumbani miezi sita akiinywa, mpaka uvimbe unapasuka. Kinga ambayo watafiti wanaihesabu ni limfositi zilizo ndani ya uvimbe, na uchunguzi wake unaanza kwa kukata kipande cha nyama. Mtu anayedai kuponya kansere kwa kuongeza kinga bila kuomba kipande hicho, hajui anachotibu.

Ushahidi uko hapa hapa

Kuna anayeweza kusema kwamba hayo yote ni mambo ya Paris na New York. Si kweli. Afrika ya kati na ya mashariki ilikuwa na ushahidi wa uhusiano kati ya kinga na kansere mbele ya maabara nyingi za kizungu.

Mwaka wa 1958, munganga Denis Burkitt, aliyefanya kazi pa Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya ulioua watoto katika maeneo ya joto yenye malaria. Mwaka wa 1964 virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa ndani ya seli za uvimbe huo. Leo inajulikana kwamba malaria ya mara kwa mara inachokesha askari wanaopaswa kuvizuia virusi hivyo. Ugonjwa huo ungali unawapata watoto wa Congo, na wengi wao wanaweza kupona kwa kimioterapi isiyo ya bei kali ikiwa wanafika mapema.

Sida ilionyesha jambo hilo kwa namna ya uchungu zaidi. Virusi vya VIH vinapoharibu kinga, kansere ya Kaposi inatokea juu ya ngozi na ndani ya mwili. Mgonjwa akianza dawa za ARV na askari wakirudi, kwa wengine madoa hayo yanapungua bila kimioterapi yoyote. Ni mwili uleule, kansere ileile. Kilichobadilika ni idadi ya askari. Vilevile, Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema mwanamke anayeishi na VIH yuko katika hatari mara sita zaidi ya kupata kansere ya shingo ya uzazi. Kansere hiyo, ambayo pamoja na ile ya ziwa ndiyo inayoshika zaidi wanawake wa Congo, inasababishwa na virusi vya HPV. Mwili wenye kinga nzima unavifukuza virusi hivyo mara nyingi ndani ya miaka miwili. Mwili uliochoka unaviacha vikae, na polepole vinageuza seli.

Kwa hiyo ulizo la mutasio na kinga si la kigeni katika Kivu. Ni ulizo la kila kituo cha afya kinachopima VIH kwa mwanamke mjamzito na kumrudisha nyumbani bila kumwangalia shingo ya uzazi, wakati kipimo cha siki kinaweza kufanywa na muuguzi aliyefundishwa, kwa bei ya chini.

Kioo kilichotengenezwa kwa watu wengine

Kuna hatari ingine ambayo serkali na vyuo vikuu vya Congo vinapaswa kuijua mbele ya kununua mashine yoyote. Hesabu za mutasio zilitengenezwa zaidi kwa kuangalia miili ya watu wenye asili ya Ulaya. Mradi mkubwa wa Marekani wa kusoma jeni za kansere, TCGA, ulioanza mwaka wa 2006, ulikusanya aina 33 za kansere, lakini wengi wa wagonjwa wake walikuwa wazungu.

Hilo lina madhara ya kweli. Ili kujua kama herufi fulani katika uvimbe ni kosa lililozaliwa na kansere, ingefaa kuilinganisha na damu ya mgonjwa mwenyewe. Maabara nyingi haziifanyi kazi hiyo juu ya bei. Zinalinganisha na vitabu vya jeni vilivyokusanywa kutoka kwa watu wengine. Waafrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi za jeni duniani. Herufi ambayo mtu wa Walikale aliirithi kwa babu yake, na ambayo haina ubaya wowote, inaweza kukosekana katika vitabu hivyo, na mashine ikaiandika kama mutasio ya kansere. Mwaka wa 2022, watafiti walionyesha katika jarida la Cancer Cell kwamba hivyo ndivyo inavyotokea kwa wagonjwa wenye asili ya Afrika na Asia: hesabu yao inapandishwa bila sababu. Mgonjwa anaambiwa kwamba uvimbe wake una makosa mengi na kwamba dawa ya bei kali itamfaa, kumbe sivyo.

Upande mwingine, kutokuwa na hesabu za Afrika kunaweza kuficha habari njema. Mwaka wa 2021, watafiti wa Nigeria na wenzao wa New York walichunguza kansere za utumbo mkubwa za Wanigeria. Walikuta kwamba zaidi ya robo yao zilikuwa na ile kasoro ya mafundi wa kusahihisha, karibu mara mbili ya hesabu ya TCGA. Kama Congo ingefanana na Nigeria, maana yake kuna wagonjwa wanaokufa katika vijiji vya Masisi na Mwenga wakiwa na aina ya kansere inayotibika vizuri zaidi. Kuwapata kunaomba vipande vyao vya nyama vipimwe, na leo vingi havipimwi.

Kuanza na formoli

Wakubwa wa afya wakisikia maneno jeni na kinga, mara nyingi wanafikiria mashine za mamilioni ya dola. Hapo ndipo kosa linapoanza. Limfositi zinazotabiri maisha ya mwanamke mwenye kansere ya ziwa zinaonekana kwa mikroskopi ya kawaida, juu ya kioo kilichopakwa rangi mbili za bei ndogo ambazo zinatumika tangu zaidi ya miaka mia moja. Kanuni za kuzihesabu zimechapishwa na kikundi cha wataalamu wa inchi nyingi, na kila mtu anaweza kuzisoma bila kulipa. Wale mafundi wanne wa kusahihisha wanapimwa kwa rangi nne maalumu juu ya kipande kilekile. Hakuna haja ya kusoma jeni zote.

Na kipimo hicho kina faida hata mahali ambapo pembrolizumab haitafika kesho. Mgonjwa wa kansere ya utumbo katika hatua ya pili, aliyepasuliwa, ambaye uvimbe wake umepoteza mafundi hao, kwa kawaida ana tumaini zuri, na uchunguzi umeonyesha kwamba kimioterapi ya fluorouracili peke yake haimsaidii. Jamaa inaweza kuacha kuuza shamba kwa ajili ya dawa ambayo haitaongeza hata siku moja. Katika jimbo ambamo watu wengi wanalipia matibabu kwa mfuko wao wenyewe, kujua dawa gani haifai ni sehemu ya matibabu.

Kinachokosekana ni kile wanganga wanaita anapati: munganga aliyesomea kusoma nyama kwa mikroskopi, fundi wa kukata vipande vyembamba, nta, rangi, umeme usiokatika, na formoli. Wataalamu hao ni haba sana katika mashariki ya inchi. Formoli yenyewe ina sheria zake. Kwa kansere ya ziwa, kanuni za kimataifa zinaomba kipande kiingizwe ndani yake kabla ya saa moja kuisha tangu kukatwa, na kikae humo kati ya saa 6 na saa 72. Kipande kinachotoka Shabunda ao Lubero kwa pikipiki, katika chupa ya maji ama ya alkoli, kinafika kimeharibika. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwezi wa Januari 2025, njia za kutuma vipande Kinshasa zimekuwa ngumu zaidi, na jamaa zenye makuta zinavuka mpaka kwenda Rwanda ao Uganda na kipande ndani ya mfuko. Wasio na makuta wanabaki na maneno "ni uvimbe tu".

Mambo manne yanaweza kufanywa bila kungoja amani kamili. La kwanza, kila hospitali kuu ya eneo inayopasua wagonjwa iwe na formoli iliyotengenezwa sawasawa na karatasi moja ya maagizo ukutani. Hakuna kitu kingine cha bei ndogo kitakachookoa majibu mengi hivyo. La pili, vyuo vikuu vya Goma, Bukavu na Butembo vikubaliane kuchagua wanganga vijana wachache na kuwatuma wasomee anapati, kwa mkataba wa kurudi kufanya kazi katika jimbo. La tatu, mipango ya VIH, ambayo tayari ina wauguzi, pikipiki na madaftari, iongeze uchunguzi wa shingo ya uzazi kwa kila mwanamke inayemhudumia. La nne, kila ripoti ya kansere ya ziwa inayotoka maabara iandike pia wingi wa limfositi. Mstari mmoja kwenye karatasi hauombi mashine mpya, na baada ya miaka mitano Kivu itakuwa na hesabu zake yenyewe badala ya kuazima za Ulaya.

Juu ya dawa, hakuna haja ya kudanganyana. Mwaka mmoja wa pembrolizumab nchini Marekani unapita dola 100.000. Lakini OMS iliiandika katika orodha ya dawa za lazima mwaka wa 2019 kwa kansere moja ya ngozi, na Septemba 2025 ikaongeza matumizi yake kwa kansere ya shingo ya uzazi, ya utumbo mkubwa na ya mapafu iliyoenea. Dawa za ARV nazo, miaka ya 2000, zilikuwa na bei ambayo wakubwa wengi walisema Afrika haitaiweza kamwe. Bei ilishuka sababu inchi zilidai, dawa za kunakili zikaruhusiwa, na tena vipimo vilikuwepo vya kuonyesha nani anazihitaji. Inchi isiyojua wagonjwa wake ni wangapi haina maneno ya kusema mbele ya muuzaji.

Wakati wa vita, ni anasa?

Kuna pingamizi ambalo halifai kupuuzwa. Watu wanakimbia makwao, kipindupindu na mpox viko, watoto wanakufa kwa surua, na hospitali zinapokea waliopigwa risasi. Nani anaweza kuzungumza juu ya limfositi?

Jibu ni kwamba kansere haingoji mazungumzo ya amani. Mama aliyekimbilia kambini na uvimbe wa ukubwa wa haragi anatoka humo, kama anatoka, na uvimbe wa ukubwa wa yai. Hakuna redio inayomtangaza, sababu hakufa kwa bomu. Tena, vifaa vinavyoombwa hapa havishindani na vya dharura. Mikroskopi inayosoma kansere inasoma pia kifua kikuu cha tezi. Formoli ni dawa ya dumu moja. Mtaalamu wa anapati anayefundishwa leo atafanya kazi miaka makumi tatu, chini ya utawala wowote utakaokuwepo.

Hospitali ya Panzi ilifungua milango mwaka wa 1999, katikati ya vita. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba kushona wanawake walioharibiwa ni kazi ya kungoja mpaka bunduki zinyamaze. Wamama walikuja, wakahesabiwa, wakaandikwa, na baada ya miaka dunia ikalazimika kusikia. Wagonjwa wa kansere wa Kivu hawajahesabiwa bado. Askari wao wanapigana ndani ya miili yao kila usiku, wengine wakiwa karibu kushinda, na kipande cha nyama ambacho kingeonyesha hivyo kinatupwa kwenye ndoo baada ya upasuaji, sababu chupa ya formoli imekwisha.